Ndoo Mia Nne Zilizokamatwa

Ipo nchi moja, sitaitaja, maana yenyewe haipendi kutajwa isipokuwa kwenye nyimbo. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Maji isiyo na maji na Wizara ya Burudani isiyo na burudani. Wakubwa wakakaa, wakanywa chai, wakaona ni ufujaji kuwa na wizara mbili za kukosa vitu viwili. Wakaziunganisha. Ikazaliwa Wizara ya Maji na Burudani, ikapewa Mheshimiwa Kalihose, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Reli mpaka reli zilipokwisha.

Mimi simlaumu mtu. Nasimulia tu, kwa sababu waliokuwa na kazi ya kukumbuka wamehamishiwa vituo vingine.

Sasa, Kata ya Kokoto iko karibu kabisa na Ikulu. Ukipanda juu ya mwamba wetu unaona ile chemchemi ya mapambo inavyorusha maji juu mchana kutwa, yanapanda, yanashuka, yanapanda tena, hayana pa kwenda. Kokoto tumewekewa jiwe la msingi la mradi wa bomba mara saba. La kwanza liliwekwa mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano wa msaada. Waziri wa wakati huo alituahidi maji kabla ya mvua za vuli. Hakusema vuli ya mwaka gani, na sisi kwa ujinga wetu hatukuuliza. La tano liliwekwa mara mbili siku moja, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa bado anakula.

Mawe manne yamebaki. Matatu yaling'olewa na Bi Mashavu, muuza vitumbua, akayafanya mafiga. Yamemfaa sana. Kila jiwe lina jina la waziri, na kila alfajiri anapokaanga, mawaziri watatu wanaungua pole pole. Yule wa tatu amebakiza herufi mbili.

Huyu Bi Mashavu alikuwa na binti mmoja, Hidaya, na Hidaya alikuwa na mimba ya miezi saba. Hapo ndipo shida ilipo. Kwenye mlango wa zahanati ya Kokoto kuna tangazo limeandikwa kwa rangi nyekundu: MJAMZITO AJE NA NDOO MBILI ZA MAJI. BILA MAJI HATUPOKEI. Si ukatili. Zahanati nayo haina bomba, na mtoto hazaliwi pakavu. Maji ya karibu yako korongoni, saa mbili kwenda, na kurudi ni zaidi, kwa sababu kurudi unapanda mwamba na ndoo kichwani. Mwaka jana mama mmoja alijifungulia kwenye ngazi za zahanati, nesi akiwa mlangoni analia, mume akiwa bado korongoni. Mtoto hakukaa.

Bi Mashavu alikuwepo siku ile. Alilishika tangazo lile kwa mkono, akaliangalia kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe.

*

Basi Mheshimiwa Kalihose akatokea kwenye televisheni, amevaa kofia ya kuchimbia visima ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha duka.

"Ndugu wananchi," akasema, "zama za kugawa maji kwa upendeleo zimekwisha! Kuanzia leo maji yatagawiwa kwa vipaji. Serikali ina mabomba ya kutosha kata moja. Kata zenye kiu ni kumi na mbili. Serikali katili ingechagua yenyewe. Serikali sikivu inawaachia nyinyi mchague, kwa simu zenu, mkiwa mmekaa!"

Hivyo ndivyo kilivyoanza kipindi cha *Kiu ya Ushindi*. Kila kata itoe mtu mmoja. Watu kumi na wawili wakae katika nyumba moja siku arobaini, kamera zikiwaangalia wanavyokula, wanavyolala, wanavyosengenyana. Watazamaji wapige kura. Atakayepata kura nyingi siku ya arobaini, kata yake inapata bomba.

Kokoto tukaitisha mkutano. Diwani alitaka tumpeleke mpwa wake, kijana wa kuimba.

"Huyo mpwa wako amewahi kubeba ndoo?" akaulizwa.

"Amebeba gitaa."

Tukamchagua Bi Mashavu. Hidaya akamsindikiza mpaka kwenye gari, tumbo mbele.

"Mama, siku arobaini unatazamwa na nchi nzima? Hata ukijikuna?"

"Nitajikuna kwa adabu," akasema Bi Mashavu. "We kaa usibebe vitu vizito. Nikirudi nakuja na bomba."

*

Kipindi kilisimamiwa na prodyuza aitwaye Denzo, kijana msafi aliyelelewa ughaibuni na kurudishwa ili aje kutufundisha sisi tulivyo. Denzo alijua jambo moja: watu wakiwekwa pamoja na kitu kimoja cha kugombea, watagombana, na ugomvi ndio kipindi. Kwa hiyo nyumbani mle aliweka vitanda vizuri, makochi, friji la vioo, na bomba moja tu uani, linalofunguka saa moja kwa siku, hakuna anayejua ni saa ngapi. Akawagawia kila mmoja ndoo.

"Bomba likifunguka," akawaambia, "ni wewe na mwenzako. Nataka kuona moto."

Asubuhi ya kwanza Bi Mashavu akaamka, akaiweka ndoo yake chini ya bomba, akarudi ndani kunywa chai. Akafuata Ngwali, kinyozi wa Kata ya Magofu, akaiweka yake nyuma ya ile. Kisha wa tatu. Kufika saa mbili ndoo kumi na mbili zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, na wenyewe wako sebuleni wanasukana nywele.

Niwaeleze wale wenye mabomba. Kwetu ndoo kwenye foleni ni mtu. Ukishaiweka, umesimama wewe. Nenda kapike, nenda kazike, nenda kaozeshe. Ukirudi utaikuta, na kama foleni imesogea, aliyekuwepo atakuwa amekusogezea. Kokoto tuna wezi, tena hodari. Mwizi wa Kokoto atakuibia ndoo iliyojaa maji, ndani ya nyumba, wewe umeikumbatia. Lakini ndoo tupu iliyo kwenye foleni haigusi. Hata mwizi ana kwao.

Kamera zikapiga picha ya ndoo kumi na mbili kwa muda wa saa sita. Bomba lilipofunguka, wa mbele wakachota, wa nyuma hawakufikiwa, wa mbele wakawamiminia nusu nusu. Yakaisha. Hakuna aliyepaza sauti.

Kipaza sauti cha ukutani kikakohoa. Alikuwa Denzo.

"Washiriki, mmesahau kugombana."

"Tugombane na nani, mwanangu?" Bi Mashavu akauliza ukuta. "Ndoo ya Ngwali iko nyuma ya yangu. Si inaonekana?"

Siku ya tisa Denzo akadhani Mungu amemkumbuka. Kokoto na Magofu ni watani tangu mababu, wa kutukanana na kuzikana, na watani wakikaa pamoja midomo haipumziki. Bi Mashavu alikuwa anamenya vitunguu, Ngwali anapita.

"We Ngwali, watu wa Magofu sura zenu mmeazima wapi? Zirudisheni, wenyewe wanazitafuta."

"Nyamaza, wa Kokoto wewe. Nyinyi mkifa tunawazika wima, maana hamna ardhi ya kulalia."

"Nikifa usinikaribie!"

"Nitakuzika mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na pilau yote nabeba nyumbani kwangu."

Jioni hiyo mtangazaji Jojo Mwangaza, mwanamke mwenye kope ndefu kama ufagio wa chelewa, akaiambia nchi kwamba kumetolewa tishio la mauaji. Polisi wakaja na karatasi.

"Ni kweli ulisema utamzika huyu mama?"

"Kweli kabisa," akasema Ngwali. "Asiponizika yeye kwanza. Ni wajibu, afande."

Polisi wakaandika kwamba mtuhumiwa amekiri. Nchi nzima ikacheka wiki nzima, isipokuwa Denzo, aliyeandikisha kichwa cha habari: VITA VYA KOKOTO NA MAGOFU. Nasikia alikuwa akiuliza watu mtani ni cheo gani.

*

Kura hata hivyo zilikuwa chache. Watu wanapenda utani lakini hawaupigii simu. Siku ya kumi na tisa, saa nne asubuhi, washiriki wote wakaitwa ndani kupimwa uzito. Walipotoka, ndoo ya Bi Mashavu, iliyokuwa ya kwanza, ilikuwa ya mwisho. Tena imepinduliwa.

Watu kumi na mmoja wakashika vichwa. Mwanamke wa Kata ya Tope akakaa chini kabisa, kama aliyeletewa habari ya msiba.

Kabla Bi Mashavu hajasema neno, mlango mdogo ukafunguliwa akavutwa pembeni, mahali pasipo na kamera. Denzo alikuwa amepiga magoti ili wawe kimo kimoja.

"Mama, ni Ngwali. Tuna ushahidi, usiuombe. Dakika tano tunaingia hewani moja kwa moja. Mtaje, lia kidogo, mwite mchawi ukipenda. Namba zitapanda mpaka juu, na bomba ni la Kokoto. Nakuapia." Kisha akaongeza taratibu, na huyu ndiye mtu aliyesoma: "Binti yako anajifungua lini?"

Bi Mashavu akampita. Akatoka uani. Jojo alikuwa ameshasimama na maiki, taa zimewashwa, na huko nje vibandani, saluni, ofisini, watu wamesogea karibu na televisheni. Ngwali alikuwa amesimama karibu na ndoo, mikono nyuma. Kinyozi si mjinga, alishaelewa.

"Mtani," akamwambia kwa sauti ndogo, "nitaje. Kokoto mpate. Mimi nimeshaitwa mengi, hilo moja halitanijaza."

"Bi Mashavu," akaimba Jojo, "nchi inakuangalia! Unajisikiaje kuona Ngwali amekufanyia unyama huu?"

Bi Mashavu aliitazama ile ndoo. Akakumbuka ngazi za zahanati, bila shaka. Hilo sihitaji kuambiwa, maana hata sisi tuliokuwa tunatazama tulizikumbuka, na wengine tulisema kimoyomoyo, mtaje, mama, mtaje tuondoke kwenye jambo hili. Nasema ukweli. Kiu haimfanyi mtu malaika.

Akaiinua ndoo, akaifuta mchanga kwa kanga yake.

"Aliyeigusa ndoo hii," akasema, "hajawahi kupanga foleni ya maji tangu azaliwe. Humu ndani tuko kumi na wawili, wote tunapanga." Akageuka, akaiangalia kamera usoni, jambo lililokatazwa na kanuni. "Waliobaki wako huko nyuma ya kamera."

Televisheni ikaonyesha bendera ya taifa na muziki wa tarumbeta kwa dakika kumi na moja.

*

Bi Mashavu alifukuzwa kwa kosa la kuangalia kamera kwa nia mbaya. Ngwali alifukuzwa siku iliyofuata kwa kucheka wakati wa kutangazwa kosa hilo. Bomba likachukuliwa na Kata ya Bustani ya Mabalozi, ambayo haikuwemo mwanzoni, iliingia wiki ya mwisho. Kuna wakorofi walisema Bustani ya Mabalozi ina mabomba hata ya kuogeshea mbwa. Mheshimiwa akafafanua kwamba ziko kiu za aina nyingi, nyingine ni za ndani.

Kokoto hatukumlaumu mama yule, ila na sisi hatukumwangalia sana machoni. Hidaya alikuwa ameingia mwezi wa tisa.

Jumatatu yake Bi Mashavu akaenda Wizarani. Akafika getini, akaiweka ndoo yake chini, akageuka kuondoka. Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa makamo, Masunga.

"Mama, umesahau ndoo."

"Sijasahau. Niko kwenye foleni."

"Foleni ya nini?"

"Ya maji. Hii si Wizara ya Maji?"

"Na Burudani, mama."

"Basi nyinyi endeleeni na burudani. Mimi nasubiri maji." Akarudi kukaanga vitumbua.

Masunga aliambiwa na wakubwa aiondoe. Akasema ana mgongo. Akaambiwa aisukume kwa mguu. Akasema mguu nao ndio huo huo wenye mgongo. Kumbe alikuwa mtu wa Kata ya Tope.

Jumanne ndoo ya Ngwali ikawa nyuma ya ile. Jumatano hamsini. Ijumaa zilikuwa mia nne, za bluu, za njano, zenye mifuniko na zilizozibwa kwa sabuni, mstari umezunguka jengo la Wizara mpaka kwenye maegesho ya magari ya wakubwa, na hakuna mtu hata mmoja. Wenye ndoo walikuwa makazini.

Serikali ile inajua kushughulika na watu wanaokusanyika. Tumeona kiwanda cha nguo, tumeona wastaafu wa reli, tumeona wanafunzi wa ualimu; nakumbuka hata rangi za mashati. Lakini ndoo zilikuwa jambo jipya. Mkuu wa polisi akasimama na kipaza sauti akazipa dakika tatu zitawanyike. Hazikutawanyika. Akazipiga mabomu ya machozi. Hazikukohoa. Waandishi wakaandika kwamba hali ni tulivu.

Ikatoka amri zikamatwe. Askari walifika pale, wakatazamana, kila mmoja akakumbuka kwao ni wapi. Ikabidi aitwe Denzo na vijana wake wa kipindi, wakazibeba kwa glavu. Zikapelekwa uwanja wa nyuma wa Kituo Kikuu cha Polisi na kusomewa mashtaka: kukusanyika bila kibali na kukataa kutaja majina.

*

Halafu ikanyesha. Vuli ile tuliyoahidiwa mwaka wa unga wa njano, sijui, labda ndiyo ilikuwa inafika. Ilinyesha siku tatu. Inspekta wa zamu akaandika kwenye kitabu kwamba vidhibiti vimeongezeka uzito.

Mheshimiwa Kalihose alipopata habari hiyo hakumaliza chai. Alikuja Kituoni na kofia yake, na Jojo, na kamera zote.

"Ahadi imetimia!" akasema. "Serikali imefikisha maji katika ndoo mia nne bila kuchimba hata mtaro mmoja! Nani mwingine katika ukanda huu ameweza?"

Ikachapishwa fomu. Mwananchi aje, atie dole gumba, achukue ndoo yake na maji yake. Fomu yenyewe ilisema: *Nakiri kupokea maji kutoka serikalini, na sina dai lolote tena.*

Siku ya kwanza hakwenda mtu. Kamera zikapiga picha ya meza.

Siku ya pili, saa tatu asubuhi, uchungu ukamshika Hidaya. Wakamfikisha zahanati. Nesi akasimama mlangoni, yule yule wa mwaka jana, na macho yale yale.

"Ndoo mbili, mama," akasema. "Nisamehe. Ndani hata ya kunawa sina."

Kokoto nzima hapakuwa na ndoo. Zote zilikuwa mahabusu. Tulikimbia nyumba kwa nyumba tukapata birika na kopo.

Bi Mashavu alifika Kituoni kanga imelowa jasho. Kamera zikaamka. Mheshimiwa mwenyewe akamsogezea wino.

"Nisomewe kwanza," akasema. Akasomewa. Aliposikia *sina dai lolote tena*, akawaangalia watu waliojaa nje ya uzio. Hapakuwa na aliyemzomea, wala aliyemwambia weka. Akaweka dole.

"Unajisikiaje?" Jojo akauliza.

"Nina haraka."

Akapewa ndoo yake moja. Akasimama nayo, anahitaji mbili, na mtu haruhusiwi kuchukua ya mwenzake. Ndipo sauti ikatoka uzioni.

"Aha! Kokoto mmenunuliwa kwa ndoo moja! Bei ya kuku!"

Alikuwa Ngwali. Akaingia, akawapita askari, akachovya dole mpaka kwenye kifundo, akalibandika kwenye fomu. "Andika na Magofu. Sisi ghali zaidi, ila leo tumeshuka." Akaibeba ndoo yake begani. "Twende, mtani. Na ukimwaga, nakuzika wima."

Wakapanda ule mwamba wawili, pole pole, hawakumwaga.

Mtoto wa kike. Akaogeshwa kwa vidhibiti vya kesi.

*

Dole gumba la Bi Mashavu lilionyeshwa kwenye televisheni wiki nzima, kubwa kama meza, na chini yake maneno KOKOTO YAKIRI. Watu mmoja mmoja wakaanza kwenda kuchukua ndoo zao, ungewaambia nini? Mheshimiwa Kalihose akapandishwa cheo. Denzo akapewa nishani. Kokoto tukawekewa jiwe la msingi la nane, zito, la marumaru, linafaa sana kusagia pilipili.

Siku ya arobaini ya mtoto ilipopita, Masunga alifungua geti la Wizara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kawaida yake. Akakuta ndoo. Tupu, imefutwa vizuri, iko mahali pale pale. Nyuma yake nyingine, yenye herufi za kinyozi wa Magofu kwa rangi ya mafuta. Upepo ulikuwa umeisogeza hiyo ya pili nje ya mstari.

Masunga akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia juu ilipo kamera. Akaishika ndoo ya Ngwali kwa mikono miwili, akairudisha kwenye mstari. Kisha akaingia kibandani kwake, akatoka na ndoo yake mwenyewe, akaiweka ya tatu.